Kutoka kigae hadi kitambaa: shajara ya mradi wetu wa kusokota na kufuma, Mikindani

Tunachotaka

Kitambaa kimoja cha pamba, upana sentimita 25, urefu mita moja na ushei, ambacho ndani yake hamna uzi hata mmoja uliosokotwa na mashine. Uzi wote utoke kwenye pia ya mkono, yaani kijiti na kigae cha chungu kilichotobolewa katikati, vya aina ile iliyofukuliwa Kilwa Kisiwani. Kufuma tufumie chini, kwenye kitanda cha kufumia cha vigingi vinne, bila fremu wala kanyagio.

Tuliomo ni wachache: mimi fundi cherehani, akina mama wawili wasusi wa mikeka, kijana anayechonga vinyago, na mzee mmoja mvuvi ambaye siku hizi haendi tena baharini, anashona nyavu za wenzake. Bibi mmoja wa Msangamkuu huja akijisikia. Mfadhili hatuna. Vifaa vyote vinakaa kwenye ndoo nyuma ya cherehani yangu.

Naandika kwa sababu wapo watu wa Lindi na Masasi wanaoniuliza tunafanyaje, na kueleza kwa simu kumenichosha.

Juni: pamba

Mtu angedhani kupata pamba ndiyo ingekuwa kazi ndogo kuliko zote. Huku kwetu ni korosho, ufuta, muhogo na mbaazi. Pamba ukiiona ni ile ya duka la dawa. Haikuwa hivyo siku zote. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, mmoja wa waliokuwa kwenye msafara aliandika kwamba kisiwani hupandwa pamba, tena nzuri. Karne nne baadaye Wajerumani wakaleta pamba ya amri. Watu wa Matumbi walilimishwa mashamba chini ya maakida kwa ujira usiofaa kitu, na mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete wakaing'oa. Majimaji ikaanzia hapo. Kisha Waingereza, katika miaka ya 1940, wakapiga marufuku kilimo cha pamba kusini kwa ajili ya funza mwekundu, ili pawepo ukanda usio na pamba wa kumzuia asipande kwenda mashamba ya kaskazini. Kwa hiyo pamba imefukuzwa kusini mara mbili, kwanza na wakulima wenyewe, halafu na serikali.

Mzee wetu wa nyavu hapendi ile sehemu ya Nandete isimuliwe haraka haraka. Kila nikiitaja ananisimamisha: "Mwanangu, hawakuichukia pamba wale. Walichukia fimbo."

Sisi hatupandi hata mche, wala hatuleti pamba mbegu, maana mbegu hubeba wadudu na magonjwa. Tumeagiza pamba nyuzi, iliyokwisha kuchambuliwa kinuni, kutoka Shinyanga. Imekuja na basi, kiroba kimoja kilichoshindiliwa. Hapo hatua moja ya kale tumeiruka, ile ya kutoa mbegu kwa vidole au kwa kubingirisha kijiti laini juu ya ubao mpaka mbegu iruke. Sioni haja ya kuiombea radhi.

Shida ya pamba ya kinu ni huko kushindiliwa. Nyuzi zimelala ovyo, zimeshikana mabonge, na hazisokoteki hivyo zilivyo. Dawa yake ni uta. Kijana wa vinyago alikunja fito ya mkole, akafunga mshipi wa kuvulia. Unauinamisha uta mpaka mshipi uguse rundo la pamba, unaudonoa kwa kijiti, mshipi unatetemeka na kurusha nyuzi juu. Vumbi na vipande vya majani makavu vinaanguka chini. Ukirudia na kurudia rundo linaumuka, na ukishika fumba moja huoni tena bonge ndani. Zile barakoa za wakati wa korona zilikuwa bado ziko kabatini. Tumezivaa, maana vumbi lake linakaba.

Pamba ikishaumuka unatandaza kiasi kidogo juu ya ubao, unaizungushia kijiti, unachomoa kijiti. Unabaki na kifimbo cha pamba laini, chenye uwazi katikati, urefu wa shibiri. Hicho ndicho kinachosokotwa. Tumejaza makapu mawili.

Juni bado: habari ya sufi

Kila anayepita anauliza swali lile lile: misufi imejaa, kwa nini kuhangaika na Shinyanga? Basi tumeijaribu. Sufi ni nyepesi, inang'aa, na ndani ya kila unyuzi mna hewa. Ndiyo maana ilijazwa kwenye mito, na hata kwenye vifaa vya kuelea majini. Lakini unyuzi wake ni mnyoofu na umepakwa nta ya asili, unateleza. Unyuzi wa pamba ukikauka hujipinda wenyewe kila mahali, na mipindo hiyo ndiyo inayoshikana. Sufi peke yake inasokotwa mpaka uone uzi umepatikana, halafu ukiuvuta kidogo unaachana katikati bila hata kukatika. Nusu kwa nusu na pamba unashika, ila unapukutika manyoya kwenye nguo ya msokotaji. Sufi tumeirudisha kwenye mito.

Julai: vigae

Tulikwenda Kilwa Masoko, tukavuka Kisiwani kwa mashua. Kuhusu Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa watu wameshaandika vya kutosha. Mimi nilikuwa naangalia chini. Vigae viko kila mahali, vya vyungu vya kienyeji na vya kauri iliyokuja kutoka Uchina na Uajemi. Kuokota ni marufuku, na ni haki: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kigae kikiondolewa mahali pake hakielezi tena kitu. Neville Chittick, aliyechimba pale miaka ya 1960, alikuta miongoni mwa vyombo vya nyumbani vigae vya duara vyenye tundu katikati, ambavyo ndivyo vizito vya pia za kusokotea. Kifaa hiki hakikuwa na gharama yoyote. Chungu kimevunjika, kigae kimepata kazi ya pili.

Sisi tulinunua chungu chenye ufa kwa mama mfinyanzi wa Kimakonde, tukakivunja mbele yake. Alitutazama kwa huruma, kisha akatuonyesha yeye mwenyewe sehemu ya kuchukua: tumboni mwa chungu, si kitako wala mdomo, kwa sababu huko tumboni unene unalingana.

Kutengeneza ni hivi. Unagonga kingo kwa jiwe dogo, vipande viruke kidogo kidogo mpaka duara lianze kuonekana. Halafu unakisaga kwenye jiwe lenye maji. Tundu linatobolewa kwa ncha ngumu inayozungushwa kati ya viganja, upande mmoja mpaka nusu, kisha unakigeuza na kumalizia upande wa pili. Anayetoboa kutoka upande mmoja moja kwa moja hukipasua pale kinapokaribia kutokea. Ukitoboa kutoka pande zote mbili tundu linatoka jembamba katikati na pana kwenye midomo, na kijiti kikisukumwa humo kinakamatwa vizuri bila gundi.

Kigae chetu kizuri kuliko vyote kina upana wa sentimita tatu na nusu na uzito wa gramu 14 kwa mizani ya sonara. Kipo kingine cha gramu 31. Uzito ndio unaoamua uzi. Kigae kizito kinazunguka muda mrefu lakini kinaukata uzi mwembamba. Chepesi kinataka kuzungushwa tena na tena, lakini pamba inakimudu, maana unyuzi wake kwa kawaida haufiki hata sentimita tatu. Kile cha gramu 31 kinafaa uzi mnene wa pindo.

Kijiti kilileta mjadala. Kijana wa vinyago alitaka mpingo, kwa heshima ya kazi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukiweka kigae juu yake uzito wote uko kwenye kijiti, na pia inakuwa mvivu. Tumetumia mwanzi mkavu uliochongwa, mwembamba juu, wenye ncha butu chini. Mpingo ulipewa nafasi yake baadaye, kwenye ubao wa kupigilia.

Agosti: kusokota

Pamba haipendi pia inayoning'inia hewani, uzito wake unakata uzi kabla haujakomaa. Kwa hiyo kitako cha kijiti kinakaa kwenye kifuu cha nazi, na kifuu kiko mkekani kando ya paja. Mkono wa kulia unazungusha kijiti kwa dole gumba na vidole viwili. Wa kushoto umeshika kifimbo cha pamba, unarudi nyuma taratibu, kwa mshazari. Kila mzunguko uzi unapanda mpaka ncha ya kijiti na kuteleza, tk, tk, tk, na kila mlio ni msokoto mmoja umeingia. Vidole vya kushoto haviivuti pamba. Vinaiachia. Ukibana, haitoki, ukilegeza mno, linatoka bonge na nyuma yake panabaki pembamba panapokatika. Uzi ukifika urefu wa mkono ulionyooshwa unausokota zaidi kidogo, mpaka ukiulegeza unajikunja wenyewe. Hapo umekomaa. Unaukunjia chini ya kijiti, karibu na kigae, unaanza tena.

Bibi wa Msangamkuu hajawahi kusokota pamba maishani mwake, ila alikulia kwenye kamba za usumba. Anajua makumbi yanavyofukiwa kwenye tope la ufukweni miezi na miezi yaoze, yanavyofukuliwa na kutwangwa, na usumba unavyosokotwa kati ya viganja mpaka kamba itoke. Alishika pia, akaizungusha, uzi ukaja. Sisi wengine tulikuwa bado tunaokota vipande.

"Shikamoo bibi. Mbona wako haukatiki?"

"Marahaba mwanangu. Wewe unauvuta. Uache uje."

Hilo ndilo somo lote, na ndipo nilipobadili mawazo kuhusu mradi huu. Nilidhani tunafufua kazi iliyokufa. Mikononi mwa wasokota kamba wa pwani nusu ya kazi iko hai, kwa sababu wanajua tayari kwamba nyuzi fupi hushikana kwa msokoto. Kilichopotea ni pamba yenyewe na wembamba wake.

Kuhusu saa nzuri ya kazi: asubuhi. Upepo wa kusi ukishakaza mchana, hewa inakauka, nyuzi zinasimama vinyweleo na kukatika ovyo. Pamba hupata nguvu kwenye unyevu. Tunakaa barazani upande wa bahari mpaka kama saa nne, kisha kila mtu na shughuli zake.

Mzee wa nyavu hasokoti. Anasema vidole vyake vimezoea nailoni. Lakini yeye ndiye aliyetunyoosha kuhusu upande wa msokoto. Kila mmoja alikuwa anazungusha anavyoona raha, wengine kulia, mmoja kushoto. Akasema nyuzi za pande mbili zisikae kitambaa kimoja bila mpango, na ukitaka uzi wa nguvu, chukua miwili iliyosokotwa kulia uipote pamoja kushoto. Kila mmoja unataka kufunguka na mwenzake anauzuia. Kamba zote za chomboni ziko hivyo. Tumekubaliana: uzi wote kulia, na zile nyuzi za pembeni mwa mtande (nyuzi zinazotandwa kwa urefu), zinazosuguliwa kuliko zote, zipotwe mbili mbili.

Hesabu ya uzi

Naiandika peke yake kwa sababu ndiyo iliyowashangaza watu.

Kitambaa chetu kina nyuzi 10 kwa kila sentimita. Kwa upana wa sentimita 25, mtande ni nyuzi 250. Kila mmoja lazima uwe na mita 1.8, kwa kuwa kuna sehemu ya kufungia na sehemu ya mwisho isiyofumika. Hizo ni mita 450. Mshindio nao, yaani uzi unaopita kwa upana, pito 10 kwa sentimita kwenye urefu wa mita 1.2, kila pito likila sentimita 27 hivi, ni mita 324. Jumla karibu mita 775, kabla ya kuhesabu nyuzi za pembeni zinazopotwa. Msokotaji wetu mwepesi, akikaa bila kuinuka, hutoa mita 40 kwa saa. Kufuma kwenyewe ni kazi ndogo mbele ya hilo.

Sasa chukua kanga. Upande mmoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita kumi. Ukiufuma kwa nyuzi 20 kila sentimita unataka karibu kilomita saba za uzi. Doti, kilomita 14. Kwa kasi yetu ni saa 350 za kuzungusha kijiti, bado hujafuma hata pito moja.

Nilipofanya hesabu hiyo nikakumbuka kisa cha Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani Abu al-Mawahib akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake; baba aliposikia watu wanavyomsifu kwa ukarimu huo akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Shuleni tulikisoma kama kisa cha ukarimu. Fundi cherehani anakisoma kwa jicho jingine: nguo iliwekwa kwenye mizani na pembe za ndovu na watu wazima, na hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, ilipoingia, pia za pwani hazikuwa na pa kusimama. Marekani ilitia saini mkataba na Sultani wa Maskati na Zanzibar mwaka 1833, na baada ya hapo majora ya viwanda vya Massachusetts yakajaa Zanzibar na kuingia bara na misafara. Nani angekaa na kifuu wiki nzima kwa kitu kinachouzwa dukani kwa dhiraa?

Septemba: rangi kidogo

Tulitaka mistari miwili kwenye mshindio, basi. Mtwara ukisema rangi ya miti, mti wa kwanza ni mkorosho. Tumechukua magome ya tawi lililoanguka, tukayaloweka usiku kucha, tukayachemsha mpaka maji yakawa mekundu ya kahawia. Uzi ukalala humo. Umetoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na baada ya kufuliwa umebaki hivyo hivyo, maana magome hayo yana tanini inayoshika pamba.

Nusu ya uzi huo tuliupitisha haraka kwenye maji ya misumari yenye kutu. Papo hapo ukageuka kijivu cha mvua, karibu na weusi. Usiuache humo ukalala, chuma hula pamba polepole na baada ya miaka uzi unakatika pale pale kwenye rangi. Wasusi wetu walishauri mdaa, ambao ndio wanaotilia ukindu weusi. Tutaujaribu safari nyingine. Manjano tuliyakataa mapema. Yanapendeza siku ya kwanza, jua likiyapiga yamekwisha.

Septemba: wanga na kutanda

Uzi wa mtande una vinyweleo, na vinyweleo vikisuguana uzi unakatika. Zamani na sasa dawa ni wanga. Hapa hatukuwa na haja ya kutafuta mbali: wanga wa muhogo, uliopikwa ukawa uji mwepesi sana. Vishada vya uzi vikachovywa, vikakamuliwa, vikaning'inizwa na jiwe chini ili vikauke vikiwa vimenyooka. Vikikauka vinakuwa vikavu kidogo mkononi na vinyweleo vyote vimelala. Uji ukiwa mzito uzi unakuwa kama tambi na kuvunjika. Uwe mwepesi kiasi kwamba ukiuchota kwa kijiko unatiririka wote. Angalizo kwa wa Lindi: ning'inizeni juu. Sisimizi wanaujua muhogo.

Kutanda tulitumia vijiti vilivyochomekwa ardhini, uzi ukipita huku na huku, na mahali pamoja nyuzi zikapishana, mmoja juu mmoja chini, kabla ya kurudi. Makutano hayo ndiyo roho ya kazi. Yakipotea hujui tena uzi upi unafuata upi. Tuliyafunga kwa kamba ya rangi nyingine kabla ya kuchomoa chochote.

Kitanda sasa. Kigae hudumu ardhini, mbao mchwa wanaimaliza, kwa hiyo umbo la kitanda tumeazima kwa majirani. Wafipa wa Rukwa walifuma nguo zao za pamba kwenye vitanda vya chini mpaka karne ya 20, na ng'ambo ya Ruvuma, kwenye bonde la Zambezi, kitambaa cha pamba kiitwacho machila kilifumwa kwa namna hiyo hiyo. Vigingi vinne, mti mmoja mbele, mmoja nyuma, mtande umevutwa katikati ukiwa kiganja kimoja juu ya ardhi. Hapa katikati kuna ufito uliolala juu ya panda mbili, na kutoka kwenye ufito huo zinashuka kamba ndogo za kitanzi, kila moja imeshika uzi mmoja na kuruka unaofuata. Nyuzi zilizoshikwa ziko juu muda wote, zilizorukwa ziko huru. Nyuma ya ufito kuna ubao mwembamba uliopita kati ya nyuzi. Ukiusimamisha ubao kwa ubavu, nyuzi huru zinapanda juu ya zilizoshikwa: huo ni mwanya wa kwanza. Ukiulaza na kuusogeza nyuma, zilizoshikwa zinabaki juu: huo ni wa pili. Mshindio unapita mwanya mmoja kwenda, mwanya wa pili kurudi. Kifaa ni fito na kamba tu, na kinafanya anachofanya mfumaji wa kiwandani.

Kufunga vitanzi 125 kwa urefu ulio sawa kuliwachosha watu kuliko kitu kingine chochote. Akina mama wa mikeka ndio waliokifanya, kwa kuzungushia kamba kwenye kipande cha mbao ili kila kitanzi kitoke na kipimo kimoja. Mimi na macho yangu ya cherehani nilikuwa wa kushika taa.

Oktoba: kufuma, na korosho

Korosho zimeanza kuanguka, na kikundi kimepukutika nazo. Nani atakaa kufuma wakati korosho ziko chini na mnada unakuja? Tuliobaki ni mimi, mzee na bibi. Kazi imeendelea jioni.

Mshindio umekunjwa kwenye kijiti kirefu chembamba. Ukipitisha, usiuvute uwe mnyoofu. Uache umelala kwa upinde, halafu upigilie kwa ubao wa mpingo. Hapo ndipo mpingo umestahili sifa zake: ni mzito, umesuguliwa mpaka unateleza, na ukipiga mara moja pito linakaa. Mshindio ukivutwa, kitambaa kinajibana kiuno. Kimeanza kujibana baada ya shibiri ya kwanza, na mzee akaweka ufito wenye ncha kila upande, umechomekwa kwenye pindo mbili kukitanua. Unausogeza mbele kila unapofuma kiasi cha vidole vinne.

Uzi wa mtande ukikatika, mzee ndiye fundi. Anaunganisha kwa fundo la nyavu, dogo, bapa, analotia mate na kukaza kwa meno, na lipitapo kwenye kitanzi halikwami. Ukiangalia kitambaa kwa karibu utayaona mafundo hayo upande wa nyuma. Nimekataa yafichwe.

Kitanda cha chini kina maadui wake. Kuku wanaona nyuzi, wanaona chakula (ule wanga). Mbuzi wa jirani alilala juu ya mtande mchana kweupe. Watoto tuliwapa kazi ya kulinda, wakalinda kwa kuruka juu yake. Ila faida yake kubwa ni kwamba mvua ikinyemelea unang'oa vigingi, unakunja kila kitu, unaingia nacho ndani, na kesho unatandaza upya pale pale ulipoachia.

Novemba: kimetoka

Kimekatwa kitandani, ncha zimefungwa vifundo, kimeloweshwa maji ya moto kuondoa wanga, kimefuliwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa kivulini. Kitandani kilikuwa na urefu wa sentimita 118 na upana wa 24. Baada ya kukauka ni 109 kwa 22 na nusu. Mizani ya sonara imesema gramu 38.

Kwa jicho la ufundi: katikati kiko vizuri, kimejaa, mwanga haupiti kirahisi. Shibiri ya kwanza na ya mwisho hazifanani, ya mwisho imepigiliwa sawasawa zaidi. Pindo la kushoto limenyooka kuliko la kulia. Ile mistari ya mkorosho imetulia, na ule wa kijivu ndio unaoshikwa na kila mtu kwanza. Kinakuna kidogo shingoni siku ya kwanza. Kikifuliwa tena kinalainika. Mteja mmoja wa cherehani alikishika akauliza bei. Nikamweleza saa zilizomo ndani, akakirudisha mezani kwa mikono miwili.

Mama mmoja wa mikeka anataka kinachofuata kiwe na upana wa sentimita 40 na mistari ya mdaa, na ameshaanza kujaza kapu lake la vifimbo. Kijana wa vinyago amesaga vigae zaidi, vyote chini ya gramu 16, na vitagawiwa kwa wasokota usumba wa Msangamkuu. Bibi amesema atawaona yeye mwenyewe, tusiende kuwasumbua na makaratasi. Mimi nataka mtande wote upotwe mbili mbili, tuone mafundo ya mzee yatapungua kiasi gani, ingawa hiyo ni kuongeza uzi wa mtande maradufu na tayari nimeambiwa nisokote mwenyewe.

Kiroba cha Shinyanga bado kimejaa zaidi ya nusu. Tunaanza tena baada ya mnada wa mwisho wa korosho, kila mtu aje na kifuu chake.